Dondoo langu limelegeza utumbo wa sungura, au limeuua?

Ndugu Mshauri,

Salaam. Nafanya mradi wa mwisho wa shahada ya famasia. Kazi yangu ni kupima kama majani ya mmea mmoja, unaosifiwa kutuliza msokoto wa tumbo, hulegeza kweli misuli laini (ile ya viungo vya ndani, isiyotii hiari). Natumia kipande cha jejunamu (sehemu ya kati ya utumbo mwembamba) ya sungura chenye urefu wa sentimita 2, kimening'inizwa ndani ya beseni la tishu la mililita 20 lenye mmumunyo wa Tyrode (maji ya chumvi na glukosi yanayoiweka tishu hai), nyuzi joto 37, hewa ikipulizwa kutoka chini. Nimekivuta kwa uzito wa gramu 4 ili mchoro uonekane vizuri.

Majani niliyaloweka kwenye ethanoli ya 70%, na akiba yangu ina miligramu 200 za dondoo kwa kila mililita ya ethanoli hiyohiyo. Niliongeza mililita 0.01, 0.03, 0.1, 0.3 na 1, moja kila baada ya dakika 5 bila kuosha katikati, nikaziandika kuwa ni miligramu 0.1, 0.3, 1, 3 na 10 kwa mililita. Dozi mbili za kwanza zilipandisha mkazo kidogo, nikaona ni msukosuko tu wa kifaa. Ya tatu ilianza kupunguza mapigo ya utumbo, ya nne ikayadhoofisha sana, ya tano ikayazima. Nikaosha mara tatu, mapigo hayakurudi. Hata asetilikolini, kemikali ya neva inayokaza utumbo, ambayo mwanzoni ilitoa mkazo (ingawa dhaifu), haikufanya kitu.

Tyrode yangu pia hupata ukungu mweupe ninapoitengeneza, nikauchuja kwa karatasi ukatoka.

Katika jaribio lingine nilikaza utumbo kwa potasiamu ya milimola 80, dondoo likaulegeza. Nikaandika kwamba dondoo hufunga milango ya kalsiamu kama verapamili, dawa ya moyo na shinikizo la damu. Msimamizi wangu ameandika pembeni: umejuaje kwamba hukuua tishu? Nimjibu nini? Na je, naweza kuandika kwamba mmea huu ni salama kwa maumivu ya tumbo?

Mwanafunzi wa famasia, mwaka wa nne

*

Ndugu yetu mwanafunzi,

Msimamizi wako ameuliza swali linalopaswa kuulizwa kabla ya yote. Kwenye mchoro, msuli uliolegezwa na dawa na msuli uliokufa huacha mstari uleule: umenyooka, uko chini, umekaa kimya. Kinachoutofautisha mmoja na mwingine ni kuosha. Uliolegezwa huamka dawa ikishaondoka, mapigo yakarudi na asetilikolini ikaukaza kama awali. Uliokufa hauamki. Zipo dawa zinazong'ang'ania kwenye tishu, verapamili ikiwa mojawapo, ambazo hudai kuoshwa mara nyingi na kusubiriwa hata saa nzima, kwa hiyo kuosha mara tatu hakutoshi kutoa hukumu. Lakini kwa ulivyoeleza, tunaona sababu iliyo wazi ya utumbo wako kunyamaza, nayo haimo kwenye majani.

Tuanze na hesabu. Uliongeza dozi bila kuosha, maana yake kila dozi ilikuta zilizotangulia bado zimo ndani. Jumla ya ulichotia ni 0.01 + 0.03 + 0.1 + 0.3 + 1, yaani mililita 1.44. Kwa hiyo ulichokiita 0.3 kilikuwa 0.4, ulichokiita 1 kilikuwa karibu 1.4, ulichokiita 3 kilikuwa zaidi ya 4, na ulichokiita 10 kilifika takriban 13.4 ukihesabu na maji yaliyoongezeka. Kosa hili ni la kawaida mno, na halionekani kwenye mchoro, linaonekana kwenye daftari tu. Ukitaka kupanda kwa mlundikano kutoka 0.1 hadi 10, kinachoongezwa kila mara ni tofauti kati ya dozi unayoitaka na iliyokwisha kuwamo. Kwa akiba ya miligramu 200 kwa mililita, ni mililita 0.01, kisha 0.02, kisha 0.07, kisha 0.2, kisha 0.7. Mililita 0.01 ni ndogo, na mkono hukosea kwa urahisi, kwa hiyo tengeneza pia akiba nyepesi ya miligramu 20 kwa mililita, na hatua mbili za kwanza zitakuwa mililita 0.1 na 0.2.

Sasa pombe. Mililita 1.44 za ethanoli ya 70% zina mililita 1 kamili ya ethanoli. Katika beseni ambalo sasa lina mililita 21.44, hiyo ni karibu 4.7% ya ujazo, sawa na takriban mola 0.8 kwa lita. Hakuna msuli laini unaovumilia kiasi hicho bila kudhoofika. Ethanoli huvuruga utando wa seli na kupunguza kalsiamu inayoingia, na ikizidi, huua. Hata kwenye dozi yako ya tatu ilikuwa imekwisha kufika 0.49%, na kwenye ya nne 1.5%. Kulegea kwako kulianza pale pale pombe ilipoanza kuwa nyingi. Hatusemi kwamba dondoo halina kazi. Tunachosema ni kwamba jaribio hili haliwezi kutenganisha kazi ya jani na kazi ya pombe.

Dawa yake ni kuiondoa ethanoli kabisa. Ikaushe kwa mashine ya kukausha kwa mgandamizo mdogo, joto lisipite nyuzi 40, upate dondoo kavu. Lipime, kisha uliyeyushe kwenye maji yaliyokenekwa au kwenye Tyrode yenyewe. Lisipoyeyuka lote, tumia kiyeyushi cha DMSO kidogo, ili ndani ya beseni isizidi 0.1%, au 0.5% ukiwa umeshindwa kabisa na una jaribio la kulinganishia. Izungushe akiba kwenye sentrifyuji ili masimbi yabaki chini. Kisha pima pH. Madondoo mengi ya majani ni ya tindikali, na tindikali peke yake hudhoofisha mkazo wa msuli, kwa hiyo irudishe hadi 7.4 kwa matone ya sodiamu haidroksaidi nyepesi. Jaribio la kulinganishia lifanyike kwenye kipande kingine cha utumbo wa sungura yuleyule: kiyeyushi kitupu, kwa mililita zilezile, kwa dakika zilezile. Kikilegea na hicho, ujue unapima kiyeyushi.

Ukungu mweupe wa Tyrode ni kalsiamu yako inayokukimbia. Kloridi ya kalsiamu ikikutana na bikaboneti au fosfeti ikiwa bado nzito, huganda kuwa chembe zisizoyeyuka. Ulipochuja uliondoa chembe, na pamoja nazo ukaitupa kalsiamu ambayo msuli huikaza kwayo. Asetilikolini yako ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, na hapa ndipo tungetafuta sababu kwanza. Kwa lita moja, yeyusha gramu 8 za kloridi ya sodiamu, 0.2 za kloridi ya potasiamu, 0.1 za kloridi ya magnesiamu isiyo na maji, 0.05 za fosfeti ya sodiamu ya haidrojeni mbili na gramu 1 ya bikaboneti katika mililita kama 900 za maji. Pulizia hewa. Gramu 0.2 za kloridi ya kalsiamu isiyo na maji ziyeyushe kando, kwenye mililita 50 za maji, kisha umimine polepole huku ukikoroga, baada ya chumvi nyingine zote. Halafu glukosi gramu 1, na ujaze hadi lita. Glukosi itiwe siku ya kazi, kwa sababu mmumunyo wenye sukari ukilala huota bakteria. Kama kloridi ya kalsiamu au ya magnesiamu uliyonayo ni ile yenye maji ndani yake, piga hesabu upya kwa uzito wake wa molekuli. Wengi hukosea hapo, wakapata kalsiamu nusu ya inayotakiwa na wasijue.

Na gesi: Tyrode ina bikaboneti ya milimola 12 hivi, wakati Krebs, mmumunyo mwingine wa kuwekea tishu, ina 25. Gesi yenye oksijeni 95% na kaboni dioksaidi 5% huikalisha Krebs karibu na pH 7.4, lakini Tyrode huishusha hadi karibu 7.15. Hewa ya kawaida nayo hupunguza kaboni dioksaidi, na pH ya Tyrode hupanda taratibu. Lolote utakalotumia, lisibadilike katikati ya jaribio, na pH upime ndani ya beseni lenyewe, siyo kwenye chupa.

Gramu 4 ni nyingi kwa jejunamu ya sungura. Gramu 1 inatosha. Ukivuta kupita kiasi, nyuzi za msuli huachana, mapigo huwa mafupi na tishu huchoka mapema. Mchoro ukiwa mdogo, ongeza ukuzaji wa kipima mkazo, uzito uuache. Unapokifunga kipande, uzi upite kwenye ukuta mmoja tu wa utumbo kila upande, mdomo ubaki wazi ili mmumunyo uingie ndani. Uchafu wa ndani uutoe kwa kumimina Tyrode ya uvuguvugu kwa pipeti, bila kukamua kwa vidole. Namna tishu inavyoshikwa inaweza kugeuza jibu zima. Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki walionyesha kwamba asetilikolini hulegeza mshipa mkuu wa sungura ikiwa tu ngozi laini ya ndani ya mshipa haijasuguliwa. Ikisuguliwa, kulegea hakupo. Njia hiyo ndiyo iliyoishia kwenye naitriki oksaidi na Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998. Basi shika kipande chako kwa adabu, ukipumzishe dakika 30 hadi 60 ukibadilisha mmumunyo kila dakika 15, na usianze mpaka mapigo yatulie, yakiwa na urefu ule ule.

Kabla ya dondoo, mpe kipande asetilikolini ya mikromola 1 kwa sekunde 30, osha, subiri dakika chache, rudia mpaka mikazo miwili ifanane. Akiba ya asetilikolini ikae kwenye barafu, kwenye maji yenye tindikali kidogo, pH 4 hivi, kwa sababu kwenye alkali huvunjika. Ikiwa dhaifu hata baada ya kurekebisha kalsiamu, jaribu karbakoli, inayofanya kazi kama yake, ambayo vimeng'enya vya tishu haviivunji kwa urahisi kama asetilikolini.

Tuje kwenye verapamili. Kila kinachokaza msuli laini huishia kwenye kalsiamu, ila njia ni tofauti. Asetilikolini hushika vipokezi vya muskarini aina ya M3, na ishara yake hufungua ghala la kalsiamu lililomo ndani ya seli. Potasiamu nyingi hupunguza tofauti ya umeme kwenye utando, milango ya kalsiamu aina ya L hufunguka, na kalsiamu huingia kutoka nje. Ndani, kalsiamu huungana na kalmodulini na kuamsha kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye miosini, na hapo msuli hukaza. Mnyororo huu unaweza kukatwa mahali pengi. Verapamili huukata mlangoni. Papaverini, ambayo asili yake ni mpopi, huzuia vimeng'enya vinavyovunja AMP ya mzunguko na GMP ya mzunguko, wajumbe wa ndani ya seli wanaolegeza msuli. Foskolini, inayotoka kwenye mizizi ya Coleus forskohlii, huchochea utengenezaji wa AMP hiyo. Zote hulegeza mkazo wa potasiamu. Na ethanoli pia. Kwa hiyo kulegeza milimola 80 ni dalili ya kukufanya uendelee kutafuta, haijawa ushahidi wa mlango.

Yapo majaribio matatu ya kukutenganishia. La kwanza ni kulinganisha potasiamu ya milimola 25 na ya 80. Kitu kinachofungua milango ya potasiamu, kama kromakalimu, hulegeza mkazo wa 25 na kushindwa kwa 80, kwa sababu potasiamu ya nje ikiwa nyingi hivyo, mlango wa potasiamu ukifunguliwa hauna pa kuipeleka. Glibenklamidi, inayofunga milango hiyo ya potasiamu, ikiondoa ulegezaji huo, umepata jibu. La pili ni kulinganisha karbakoli na potasiamu ya 80: papaverini hulegeza mikazo yote miwili kwa ukolezi unaokaribiana, verapamili huelemea wa potasiamu zaidi. La tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Weka kipande kwenye Tyrode isiyo na kalsiamu, yenye EDTA (kemikali inayonasa kalsiamu) ya milimola 0.1, kisha hamia kwenye mmumunyo wenye potasiamu ya 80 usio na kalsiamu, halafu rudisha kalsiamu kidogo kidogo kutoka milimola 0.1 hadi 10 na uchore mkazo wa kila hatua. Rudia kukiwa na dondoo. Mchoro ukisogea kulia na kilele chake kushuka, kama unavyofanya kwa verapamili kwenye kipande cha jirani, hapo unaweza kuandika neno kalsiamu.

Ili kupata milimola 80 hivi kwenye beseni la mililita 20, tia mililita 0.54 za kloridi ya potasiamu ya mola 3. Njia hii huongeza chumvi yote ndani ya beseni. Kwa kazi ya kuandikwa kwenye tasnifu, ni bora utengeneze mmumunyo ambao sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu.

Na potasiamu hiyohiyo inaweza kuja na majani. Mimea ina potasiamu nyingi. Tuseme dondoo lako kavu lina 3% ya potasiamu: kwenye miligramu 10 kwa mililita, umeongeza milimola 7.7 juu ya 2.7 za Tyrode. Kiasi hicho kinaweza kupandisha mkazo bila kipokezi chochote kuhusika. Pima potasiamu ya dondoo kwa fotomita ya mwali, kisha tia kloridi ya potasiamu ya kiasi hicho peke yake uone. Pima pia tanini kwa kloridi ya feri na mmumunyo wa jelatini, kwa kuwa tanini hushikana na protini ovyo, na vitu vinavyoshika kila protini huonekana kuzuia kila kipokezi. Poda ya polivinilipirolidoni huziondoa. Saponini utazijua kwa povu lisilotaka kutulia ukitikisa. Hizo watafiti wa misuli huzitumia makusudi kutoboa utando wa seli. Dondoo lenye saponini nyingi linaweza kukupa ule ukimya usiorudi baada ya kuosha, hata bila tone la pombe.

Sasa rudi kwenye dozi mbili ulizoziita msukosuko wa kifaa. Kwenye dozi ya kwanza ethanoli ilikuwa 0.035% tu, kwenye ya pili 0.14%. Hizo ndizo sehemu safi zaidi za mchoro wako wote, na zote mbili zinaonyesha mkazo ukipanda. Inawezekana dondoo lako lina kitu cha kukaza na kitu cha kulegeza kwa pamoja, jambo lisilo geni kwa mimea. Tia atropini, inayoziba vipokezi vya muskarini, ya mikromola 1, subiri dakika 20, kisha rudia dozi hizo ndogo. Mkazo ukitoweka, kuna kitu kinachopita kwenye vipokezi vya muskarini. Ukibaki, pima potasiamu kwanza, kisha ujaribu simbilisi: ileamu yake (sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba) hukaa kimya bila mapigo mengi na huitikia histamini vizuri, wakati jejunamu ya sungura ni dhaifu kwa histamini. Na ukishazuia kukaza kwa atropini, kulegeza kwa dozi kubwa huonekana wazi zaidi.

Mwisho wa kila jaribio, tia papaverini ya mikromola 100 upate ulegeaji wa juu kabisa, ili ulegezaji wa dondoo uuandike kama asilimia yake. Kisha osha mara kwa mara na umalizie na asetilikolini. Mkazo huo wa mwisho, ukilinganishwa na wa mwanzo, ndio jibu la msimamizi wako. Ukiwa chini ya 80% ya ule wa kwanza, sisi tungeitupa rekodi hiyo. Na vipande vinne vya sungura mmoja ni mnyama mmoja, hesabu yako ya takwimu iende kwa idadi ya sungura.

Kuhusu usalama: hapana, usiandike. Miligramu 10 kwa mililita katika lita 3 za utegili wa damu ni gramu 30 za dondoo kavu zikiwa ndani ya damu kwa wakati mmoja. Ndani ya utumbo wenyewe ukolezi unaweza kuwa mkubwa, lakini hilo hupimwa, halikisiwi. Tena misuli laini haiko tumboni tu. Iko kwenye mirija ya mapafu, kibofu, mfuko wa uzazi na mishipa ya damu. Mafuta ya mnanaa-pilipili hupunguza msokoto wa utumbo mpana, lakini hulegeza pia vali ya chini ya umio na kuleta kiungulia, ndiyo maana hutengenezwa vidonge vyenye ganda lisiloyeyuka tumboni. Mimea yenye atropini hutuliza tumbo na hapohapo huzuia mkojo na kupandisha mapigo ya moyo. Mmea wako unaonekana kukaza kwa dozi ndogo, na kwa mjamzito tungetaka kujua unafanya nini kwenye msuli wa mfuko wa uzazi kabla ya mtu yeyote kuusifia.

Rekodi ulizonazo usizifute. Zile mbili za kwanza ziweke kwa majina yake halisi, 0.1 na 0.4, na uandike kwamba kalsiamu ya mmumunyo haikuwa na uhakika. Zilizobaki ziingie kwenye kiambatisho kama jaribio la ethanoli, kwa asilimia zake: 0.49, 1.5 na 4.7.